Sakafu Tamu ya Gari la Chama

Jumatano, 9 Julai 1975. Baridi kavu tangu alfajiri, na upepo wa mashariki unaopasua midomo. Mbingu tupu, hakuna hata wingu moja. Maji yaliyolala nje kwenye ndoo yaliniuma vidole.

Leo saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wangu wa kutia sahihi barua.

Sikutia.

Naandika mambo yote kwa mpangilio, tangu Jumatatu, maana jana sikushika kalamu na sitaki siku zichanganyike. Barua yenyewe ni fupi. Inasema kwamba mimi, Tabitha, dereva wa chama cha warina asali, nakiri kubeba asali ya nyuki wadogo chini ya kiti cha gari la chama kwa faida yangu binafsi, naomba radhi kwa wanachama, na naukabidhi ufunguo wa gari kwa Ndugu Hamisi, dereva wa akiba. Katibu wa chama aliipiga mwenyewe kwa mashine ya chapa Jumatatu jioni, akanipa siku mbili. Alichoacha ni nafasi ya jina langu tu.

Jumatatu nilirudi kutoka Ipole na madebe thelathini ya asali. Niliegesha kwenye ua wa chama, mbele ya ghala, saa nane mchana. Katibu alifungua mlango wa kushoto ili achukue karatasi za mzigo, akakanyaga ndani, kiatu kikalia kama kimeingia matopeni. Alitazama chini. Gunia tulilotandika sakafuni lilikuwa limelowa chepechepe. Akachovya kidole, akalamba.

"Tamu," alisema. Akalamba tena. "Hii ni ya nyuki wadogo."

Si jambo la kipumbavu alilosema, nakubali. Asali ya nyuki wakubwa ni nzito, hukamata kidole. Ya wale wadogo wasiouma ni nyepesi kama maji, hupatikana kidogo kidogo kwenye magogo, na watu mjini huitafuta sana kwa dawa ya kifua. Anayetaka kufanya biashara ya siri angeibeba hiyo.

Uani walikuwepo wapakiaji wanne na wanachama kama kumi waliokuja kupima asali yao. Katibu aliwageukia wote.

"Ndugu zangu, kila siku redioni tunasikia habari za wanyonyaji, tunadhani wako mbali huko. Kumbe kupe tunamfuga wenyewe, tena tumempa na usukani." Akanyoosha kidole kwenye gunia. "Wiki iliyopita Ndugu Hamisi aliendesha gari hili siku mbili. Sakafu ilikuwa kavu. Akiendesha huyu, inalowa. Nyie mnaelewaje?"

"Tunaelewa asali inampenda," alisema mpakiaji mmoja, yule mrefu, na uani wote ukacheka.

Kicheko kile nilikitafuta mwenyewe. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemfokea yeye kwa sababu ya gunia hilo. Wiki mbili nzima nimekuwa nikipangusa sakafu na kugombana na wapakiaji kwamba hawakazi vifuniko vya madebe. Hata mimi niliamini ni asali. Mtoto wa mrina asali, niliyekulia kwenye nta na moshi, nilinusa utamu nikasema asali, bila kujiuliza asali ya debe la nyuma itapitaje ukuta wa chuma iingie mbele.

Na pale uani nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko neno kupe.

Jumanne asubuhi nilifungua daftari la safari. Nimeliandika tangu siku ya kwanza waliponipa gari, Mei, lilipokuja kutoka kwa misheni moja ya huko kusini kwenye baridi, likiwa tayari limezeeka. Saa ya kuondoka, saa ya kufika, mafuta, maji. Kwenye safu ya maji niliona jambo ambalo nilikuwa nikiliandika kila siku bila kulisoma. Mwezi Mei wote: hakuna. Kuanzia katikati ya Juni: chupa moja, chupa moja, chupa moja na nusu, mbili. Rejeta ilikuwa inakunywa maji. Ila kila nilipolala chini ya gari kutazama, udongo ulikuwa mkavu.

Maji hayafi. Yakitoka mahali yanaingia mahali. Hilo nililifundishwa kidato cha pili.

Nililipeleka gari kwa Fundi Salehe, nyuma ya soko. Kwao ni watu wa kazi za mikono tangu zamani. Babu yake alikuwa mhunzi aliyeuzia misafara majembe. Ndiye fundi ninayemwamini mjini, ingawa anapenda kusema kuliko kusikiliza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti yangu. Nimesikia unauza asali. Mbona mimi hujaniletea hata kijiko?"

"Ningekuwa nauza ningekuletea. Gari linakunywa maji."

Akafungua boneti. Akapapasa mipira yote, akatazama pampu, akaukaza mfuniko wa rejeta, akavuta kijiti cha kupimia oili akakinusa. Akajifuta mikono.

"Gasketi," alisema. "Maji yanaingia kwenye injini yanaungua. Lazima tushushe kichwa cha injini. Wiki tatu, na gasketi yenyewe sijui utaipata wapi."

"Yangeingia kwenye injini moshi ungekuwa mweupe. Na oili ingegeuka rangi kama chai ya maziwa. Oili ni safi, umeiona mwenyewe."

"Wewe umekuja kutengenezewa au kunisahihisha?"

"Vyote viwili, fundi."

Akacheka, lakini hakubadilisha neno lake. Gasketi.

Nikakaa kwenye tairi kuukuu na daftari langu magotini. Nilijiuliza swali alilouliza Katibu, ila nililiuliza sawasawa: siku za Hamisi, nini kilikuwa tofauti? Nikatazama saa za kuondoka. Hamisi aliondoka saa nne asubuhi siku zote mbili, jua likiwa limeshapanda. Mimi huondoka saa kumi na moja alfajiri.

Hapo nilijua. Na nilipojua nilitamani nisingejua, kwa sababu jibu lilikuwa na aibu ndani yake.

Chini ya dashibodi ya gari lile kuna kishikio chekundu. Ukikivuta, kinafungua maji ya moto ya injini yapite kwenye kirejeta kidogo kilichofichwa ndani, mbele ya miguu ya abiria, na feni inapuliza joto lake miguuni kwako. Ni hita. Hapa Tabora hakuna anayeijua wala kuitaka; mwezi wa kumi ukimwonyesha mtu hita atadhani umechanganyikiwa. Hamisi hajawahi kukigusa kishikio hicho. Anasema ni urembo wa kizungu.

Mimi nakivuta. Tangu Juni, baridi ilipoingia, kila alfajiri, nikishapita nyumba za mwisho na kuhakikisha hakuna anayeniona, nakivuta.

Sikumwambia mtu. Waliponipa usukani yule mrefu aliuliza kama nitaleta na mto wa kukalia. Niliapa hawatapata la kusema juu yangu: sitachelewa, sitaomba kusaidiwa kubadilisha tairi, sitalalamika baridi. Ningewezaje kusema kwamba dereva mwanamke anaota moto ndani ya gari? Nilificha jambo dogo la kujilinda na kicheko, na lile nililolificha ndilo lilikuwa ushahidi wangu.

Mambo mengine yakajipanga yenyewe. Ukungu uliokuwa unatanda kwenye kioo cha mbele kwa ndani, ambao nikiupangusa unabaki kama umepakwa mafuta. Hita yenyewe, ambayo wiki iliyopita ilianza kupuliza upepo baridi nikadhani imekufa kwa uzee, kumbe maji ya rejeta yalikuwa yameshuka hayaifikii. Na utamu. Utamu ndio sikuuelewa. Maji ya rejeta huwa na ladha ya kutu.

Nikamwita Fundi Salehe nikamwambia yote, pamoja na alfajiri zangu. Akakuna kidevu kwa spana.

"Binti, nina miaka ishirini kwenye kazi hii. Hita sijafungua hata moja. Nikizikuta nang'oa natupa, mteja anapata nafasi ya kuweka viatu."

"Basi umetupa nyingi nzima."

"Na hiyo yako utamthibitishiaje Katibu? Nikiitoa itadondosha maji, naye atasema ni maji na asali pia. Mtu akishalamba haachi imani yake."

Alisema kweli. Nilinyanyuka kuondoka nikiwa sina jibu, na jibu likawa linaruka mbele ya macho yangu. Nyuma ya gari, kwenye madebe mawili matupu niliyosahau kushusha, nyuki walikuwa wamejaa. Huko gerejini, katikati ya mji, kwenye harufu ya mafuta na tairi, walikuwa wameyafuata matone mawili ya asali yaliyokauka. Milango ya mbele ilikuwa wazi tangu asubuhi. Gunia lililolowa lilikuwa pale pale.

Hakukuwa na nyuki hata mmoja.

Leo saa nne na nusu, jua lilipokwisha kupasha uani, nilitandika vipande vitatu vya gunia kavu mbele ya ghala, hatua tano tano kati yake. Hamisi aliniuliza, "Dada, unaanua au unaanika?" Kipande cha kwanza nilikimwagia kijiko cha asali ya nyuki wakubwa. Cha pili, kijiko cha asali ya nyuki wadogo, kutoka kwenye chupa iliyofungwa ghalani, mbele ya mtunza ghala. Cha tatu nilikikamulia gunia la sakafuni mwa gari. Kisha nikaenda kumwita Katibu, na wapakiaji wale wale wanne. Wanachama walikuwepo watatu. Fundi Salehe alikuja bila kuitwa, na spana zake mfukoni, akajidai anapita tu.

Tulisimama. Nilitazama saa yangu.

Dakika ya tatu akaja nyuki wa kwanza. Dakika ya kumi kipande cha kwanza kilikuwa cheusi, na cha pili kilikuwa cheusi pia, wanasukumana kama watu kwenye foleni ya sukari. Kwenye cha tatu alitua mmoja. Alitembea hatua chache, akaruka, akaenda kwa wenzake.

Kila mtu uani pale ni mrina au mtoto wa mrina. Mbele ya watu hawa huwezi kubishana na nyuki.

"Labda wameshiba," alisema Katibu.

"Nyuki gani anashiba, Ndugu Katibu?" alisema yule mpakiaji mrefu. "Nyuki si karani."

Nikasema kwamba huwa nawasha hita. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele yao wote: kila alfajiri nasikia baridi, nakivuta kishikio hiki napata joto, na ndiyo maana gari linalowa mikononi mwangu na halilowi kwa Hamisi. Nilisubiri kicheko. Kilikuja, kidogo, kutoka kwa Hamisi peke yake, nacho kikakosa wa kukishika mkono.

Fundi akawasha injini, akaiacha ichemke, akavuta kishikio. Akalala chali chini ya dashibodi akafungua kisanduku cha chuma. Tuliona sote. Kirejeta kidogo, kimeoza kwenye pembe, kinadondosha maji ya kijani hafifu, tone baada ya tone, juu ya sakafu. Alipokirudisha kishikio, matone yakaanza kupungua, mwisho yakakoma. Alichovya kidole, akakinusa tu.

"Hii naijua," alisema. "Niliiona Mbeya tulipokuwa tunajenga barabara. Maji yao huko yanaganda na baridi, basi wanatia dawa kwenye rejeta. Ni tamu kama sukari. Mbwa wa kambi alilamba bakuli zima, akafa kabla ya siku mbili." Akamgeukia Katibu. "Mzee, wewe ulilamba?"

"Kidogo."

"Mara ngapi?"

"Mbili," alisema mpakiaji mrefu, kwa heshima kabisa. "Tulihesabu."

Fundi alimwambia kidole hakiui mtu, lakini anywe maji mengi na aache mazoea. Katibu akaenda ofisini kwake na mkono tumboni.

Mchana tulifanya kazi. Fundi alifungua mipira miwili inayokwenda kwenye hita akaiunganisha kwa kipande cha bomba, maji yakawa yanarudi injini bila kupita ndani. Tukajaza rejeta, tukaitoa hewa, tukaiacha injini ikiunguruma nusu saa. Mshale wa joto ulisimama katikati haukutikisika. Nilikausha sakafu, nikapanguza kioo kwa gazeti na maji ya sabuni mara tatu mpaka yale mafuta yakatoka. Gunia nililichoma, nikawaambia watoto wa jirani na mtunza ghala mwenye mbwa wasiguse kilichomwagika. Fundi alikishika kile kirejeta akitafuta pa kukitupia.

"Usitupe," nilimwambia. "Kilehemu kwa risasi kwenye pembe, ukijaze maji, ukipime. Kikishika, kinarudi."

"Unataka kuota tena?"

"Nataka gari la chama likiwa na hita, hita ifanye kazi."

"Haya, mama mkubwa," alisema, akakitia kwenye mfuko wake.

Saa kumi kamili niliingia ofisini kwa Katibu. Barua ilikuwa mezani kwake, kalamu juu yake. Hakunitazama usoni.

"Ndugu Tabitha, mambo haya yamekwisha. Ufunguo baki nao. Barua hiyo chukua, uichane."

"Na yaliyosemwa uani Jumatatu?"

"Watu wameona wenyewe leo."

"Jumatatu walikuwa kama kumi na wanne. Leo walikuwa saba, na Hamisi. Wengine wamerudi Ipole na Kigwa na neno la kupe, wanalisambaza. Sikuitwa kupe humu ofisini, Ndugu Katibu. Neno lililotolewa mbele ya watu lirudishwe mbele ya watu. Jumamosi kuna mkutano."

Akaondoa miwani. "Unataka nisimame mbele ya mkutano mkuu niseme nililamba maji ya rejeta?"

"Ndiyo."

"Unajua ni nani anayeajiri madereva hapa?"

"Wanachama," nilisema.

Akaifuta miwani kwa ncha ya shati. Nje walikuwa wanapakia madebe ya kesho. Mwisho alisema kwa sauti ya chini, kama mzee wa nyumbani, si kama Katibu: "Mwanangu, mtu mzima hadhalilishwi."

Nilikaribia kulegea hapo. Ni mtu wa umri wa baba yangu, na amekifanyia chama kazi tangu kianze, wakati hakuna gari na madebe yalikuja mjini kwa baiskeli. Najua hakunisingizia kwa hila. Aliona sakafu imelowa, akaonja, akahukumu. Lakini na mimi ni mtu mzima. Bibi yangu mzaa baba aliipita njia hii ya Ipole kwa miguu na mzigo kichwani, enzi za misafara, na hakuna aliyemwuliza kama atauweza. Walimwuliza tu kama amefika nao. Mimi nimefika na kila debe nililopewa.

Nikamwambia, kwa adabu, kwamba barua sitaichana. Kama Jumamosi hatasimama yeye, nitasimama mimi niisome yote, mpaka kwenye ile nafasi aliyoiacha wazi kwa jina langu, nieleze kwa nini bado iko wazi.

Nikaikunja nikatoka nayo.

Sasa iko hapa mezani. Sijui atafanya nini. Naweza kufukuzwa Jumatatu kwa sababu nyingine yoyote itakayopatikana; sababu hazikosekani kwa anayezitafuta. Nimejiuliza kama ufunguo ulinitosha, kama nilipaswa kushukuru nikaondoka. Nimejiuliza mara mbili, na mara zote mbili jibu ni hapana.

Kesho ni Ipole, saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, bila hita. Nimeweka blanketi na soksi za kaka yangu kwenye kiti, juu, mahali pa kuonekana. Nitavaa nikiwa bado uani. Atakayetaka kucheka atanikuta.

Ya kusema Jumamosi nimeshayaandika kwenye karatasi ya pembeni. Ni sentensi tatu, nazijua bila kusoma.

Saa nne na dakika arobaini usiku. Nalala.